Taiti endi raundi ya kwanza: yanayosemwa na yalivyo

Drafti ya NFL, zoezi la timu za ligi ya futiboli ya Marekani kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, huanza Alhamisi jioni kule Marekani, ambayo huku Afrika Mashariki ni saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa. Sisi tunaokesha tunaijua ile dakika: timu inataja mapema jina la taiti endi, yaani mchezaji anayezuia wapinzani na pia kudaka pasi, na ubishi unawaka hadi alfajiri. Nimeupenda mchezo huu kiasi cha kuumia ninapoona hoja zilezile zikirudiwa kila mwaka bila kuchunguzwa.

Dhana: Taiti endi bora hupatikana raundi za chini, kwa hiyo kumchukua mapema ni kutupa nafasi.

Majina yanaipa nguvu dhana hii, nakubali. Travis Kelce alichukuliwa wa 63 mwaka 2013. Rob Gronkowski wa 42 mwaka 2010. George Kittle wa 146 mwaka 2017, baada ya mataiti endi watatu kuchukuliwa raundi ya kwanza. Antonio Gates hakuchaguliwa kabisa. Chuoni Kent State alicheza mpira wa kikapu, na leo yuko katika Jumba la Magwiji. Mwaka 2018 Baltimore Ravens walimchukua Hayden Hurst wa 25, kisha Mark Andrews wa 86. Baada ya misimu miwili Hurst aliuzwa Atlanta, Andrews akabaki kuwa tegemeo.

Ila hapo tunawahesabu waliofaulu tu. Wale wengi wa raundi ya tano waliokatwa kabla msimu haujaanza hakuna anayewakumbuka. Na Tony Gonzalez na Kellen Winslow, magwiji wote wawili, kila mmoja alikuwa wa 13 katika mwaka wake.

Dhana: Kyle Pitts ni ushahidi kwamba taiti endi wa juu hufeli.

Atlanta Falcons walimchukua wa 4 mwaka 2021, na hakuna taiti endi aliyewahi kuchaguliwa juu zaidi. Msimu wake wa kwanza, kijana wa miaka 20 aliyetimiza 21 ligi ikiendelea, alipata yadi 1,026. Kabla yake taiti endi mgeni (aliye katika msimu wake wa kwanza) aliyevuka yadi 1,000 alikuwa mmoja tu, Mike Ditka, mwaka 1961. Huko si kufeli.

Kinachouma ni nyota wa nafasi nyingine waliobaki mezani. Ja'Marr Chase alikwenda wa 5, Penei Sewell wa 7, Micah Parsons wa 12. Detroit Lions waliyaonja hayo mwaka 2014: walimchukua Eric Ebron wa 10, na kabla shangwe za mashabiki hazijapoa, Odell Beckham Jr. akaenda wa 12 na Aaron Donald wa 13. Kwangu mimi hili ndilo swali lenyewe. Uzuri wa taiti endi hupimwa pamoja na yule uliyemwacha ili umpate.

Kuna na pesa. Tangu 2011 mshahara wa mgeni hufuata namba aliyochaguliwa, awe anacheza nafasi gani. Wakongwe hawalipwi hivyo: mwaka 2014 msuluhishi aliamua kwamba Jimmy Graham ni taiti endi, si mpokeaji wa pembeni ambaye kazi yake hasa ni kudaka pasi, na thamani ya mkataba wake wa mwaka mmoja ikawa kama dola milioni 7 badala ya 12. Kwa hiyo ukimchukua mpokeaji wa namba 4 unaokoa pesa nyingi kuliko kumlipa mkongwe wa nafasi hiyo. Ukimchukua taiti endi hapohapo, unaokoa kidogo.

Dhana: Ni mpokeaji mrefu tu.

Safari nyingine usiangalie mpira, angalia miguu yake. Amejipanga ubavuni mwa walinzi wa mstari wa mbele, mkono mmoja chini kwenye nyasi. Hatua ya kwanza ikiwa fupi na ya pembeni, anakwenda kumzuia mtu wa kilo 120 anayemwinda kwotabeki wake, mrushaji wa pasi. Ikiwa ndefu, anachomoka kudaka pasi. Aliyeiva huzifanya hatua hizo zifanane, na beki wa kati akisita kidogo tu, njia imeshafunguka.

Dhana: Humchukua miaka mitatu kukomaa.

Ilikuwa hivyo zamani. Sam LaPorta, wa 34 mwaka 2023, alidaka pasi 86 msimu wake wa kwanza.

Dhana: Ukimpata taiti endi wa kweli, mashambulizi yamepona.

Brock Bowers alikwenda Las Vegas Raiders mwaka 2024, wa 13. Alidaka pasi 112, nyingi kuliko mgeni yeyote wa nafasi yoyote, na kwa yadi 1,194 akaivunja rekodi ya Ditka iliyodumu miaka 63. Ningemchukua tena bila kusita. Lakini makwotabeki watatu walipokezana kuanza mechi msimu huo, na Raiders wakashinda 4, wakapoteza 13. Machi iliyofuata walikwenda Seattle kumchukua Geno Smith ili Bowers apate mtu wa kumrushia.