Cheti cha Uingereza si leseni ya kukusanya pesa

Wateja wangu wengi hunitumia picha ya cheti cha usajili kutoka Uingereza, waliyoipata kwenye kundi la WhatsApp, wakitaka kujua kama kampuni ya uwekezaji wanayoshawishiwa kujiunga nayo ni ya kweli. Cheti chenyewe mara nyingi ni halisi. Hadi Aprili 2024, kusajili kampuni Uingereza kwa njia ya mtandao kuligharimu pauni 12 tu, na kwa miaka mingi msajili, Companies House, alikuwa akipokea maelezo bila mamlaka ya maana ya kuyahoji.

Basi mimi huchukua namba ya usajili na kuitafuta kwenye tovuti ya Companies House, ambako kupekua ni bure. Naanza na tarehe ya kusajiliwa, kisha majina ya zamani ya kampuni, kisha wakurugenzi. Ukibofya jina la mkurugenzi utaona kampuni nyingine alizowahi kuongoza, na ngapi zimefutwa.

Muda mwingi naumalizia kwenye hesabu za mwaka. Kampuni inayotangaza faida ya asilimia 2 kwa siku inaweza kukutwa imewasilisha hesabu za kampuni iliyolala: yaani yenyewe imemweleza msajili kwamba mwaka mzima haikufanya muamala wowote wa maana. Sasa pesa za watu zinapita wapi? Mtaji wa pauni 1 peke yake haunishtui, kwa sababu kampuni nyingi halali huanza hivyo.

Hata rekodi zikiwa safi, usajili unathibitisha tu kwamba kampuni ipo. Kuuza huduma za uwekezaji Uingereza kunahitaji idhini ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha huko, yenye daftari lake la kampuni zilizoidhinishwa. Kwetu Tanzania ni vivyo hivyo: BRELA husajili kampuni, lakini kupokea amana za umma ni leseni ya Benki Kuu, na masuala ya hisa na dhamana yako chini ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Viongozi wa DECI, taasisi iliyowahimiza watu "kupanda mbegu", yaani kuweka pesa wakitarajia kuvuna zaidi, walishtakiwa mwaka 2009 kwa kuendesha upatu na kupokea amana bila leseni.

Usifungue daftari kupitia kiungo ulichotumiwa na wakala. Andika anwani ya tovuti mwenyewe. Wapo wanaoazima jina na namba ya kampuni yenye idhini, wakaweka simu zao. Piga namba iliyo kwenye daftari, uulize kama wanamfahamu huyo wakala.