Masikio ya mbwa: mengi tunayoyatia humo hayatakiwi

Pita kwenye zizi lolote la Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, uwaangalie mbwa wanaolinda mifugo: utaona ncha za masikio zimeliwa, nyeusi, na nzi wamejaa juu yake. Ukiuliza kulikoni, utaambiwa mbwa wa kienyeji hashikwi na ugonjwa wa masikio, hivyo ni mikwaruzo tu.

Kuna chembe ya ukweli hapo. Sikio lililosimama hupitisha hewa, wakati lile linaloning'inia hutunza unyevu na kuharibika upesi. Ila sikio lililosimama ndilo nzi wanaouma wa zizini hulipenda. Wanang'ata ncha, damu inakauka, anang'atwa tena palepale kabla kidonda hakijapona. Wengi hukimbilia oili chafu ya gari. Hiyo ni sumu: inaunguza ngozi, na mbwa akijikuna kwa mguu kisha akaulamba, imeshafika tumboni. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, halafu nunua dawa ya kufukuza nzi inayofaa mbwa kwenye duka la dawa za mifugo. Samadi nayo isilundikane pale anapolala, maana nzi hao huzaliana humo.

"Sikio safi ni lile linalooshwa kila siku." Hapana. Nta kidogo ya rangi ya kahawia ni kinga, na ukiiondoa kila mara ngozi ya ndani inachubuka na kukaribisha vimelea. Vumbi letu la kiangazi hukaa zaidi sehemu ya nje. Kitambaa chenye unyevu kinatosha. Sikio lisilonuka, lisilo jekundu wala kuuma, liache.

Halafu kuna vijiti vya pamba. Njia ya sikio la mbwa haijanyooka kama yetu: inashuka chini, kisha inakata kona kuelekea ndani, mfano wa herufi L, na ngoma ya sikio iko mwisho wa kona hiyo. Kijiti kinasukuma uchafu kwenye kona na kuushindilia. Daktari akikwambia safisha, tumia dawa ya kuoshea masikio ya mbwa. Ijaze ndani, kanda shina la sikio kwa vidole mpaka usikie majimaji yakilia, kisha muachie ajitikise (simama mbali kama umevaa nguo nzuri). Baada ya hapo futa kwa pamba uliyoizungushia kidoleni, na ukomee pale kidole kinapogota.

Spiriti, siki na maji ya limau viache jikoni na kabatini. Kwenye ngozi iliyochubuka vinachoma vibaya, na mbwa aliyechomwa mara moja hatakuruhusu tena umguse kichwa. Mafuta ya kupikia hayachomi, lakini fangasi mmoja anayeshambulia sana masikio ya mbwa huishi kwa mafuta, kwa hiyo unampikia.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni matone ya sikio ya mtoto, dawa ya binadamu, yaliyobaki nyumbani. Sikio linanuka, mtu anayatia, harufu inapungua siku mbili, inarudi. Kunuka kunaweza kutokana na bakteria, fangasi, mzio, au utitiri wa masikio, ambao huacha uchafu mweusi mkavu kama kahawa iliyosagwa na huwapata sana watoto wa mbwa. Kila kimoja kina dawa yake. Tena kama ngoma imetoboka, baadhi ya dawa zinaweza kumfanya mbwa kiziwi. Ndiyo maana daktari wa mifugo huchungulia kwa kifaa chenye taa kabla ya kuandika chochote.

Kupe je? Mafuta ya taa hayamng'oi. Yanaunguza ngozi tu. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu bila kupinda, wala usimpasue kwa kucha.

Baada ya masika nyasi zikikauka, kuwa macho na mbegu zenye miba. Zikiingia sikioni zinasonga mbele tu, hazirudi. Mbwa aliyetoka porini na ghafla anatikisa kichwa huku akikiinamisha upande mmoja, mpeleke siku hiyohiyo. Akiendelea kujitikisa, mishipa midogo ya sikio hupasuka na sikio hujaa damu, hapo kazi imekuwa ya upasuaji.

Na wale wanaokata masikio ili mbwa awe mkali: ukali hutokana na mbegu na malezi. Sikio la nje ndilo linalokusanya sauti na kugeukia inakotoka, hivyo ukilikata umempunguzia mlinzi wako uwezo wa kufanya kazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na wembe usio na ganzi sijui utauita nini kingine.