Je, wajua kwa nini ukinenepesha shafti, ile nondo inayozunguka ndani ya mashine, kwenye mchoro wa kompyuta, tundu la kipande jirani huweza kupanuka lenyewe?

Kwenye karakana moja ya Kizota, hapa Dodoma, tulikuwa tunachora mashine ya kukamua alizeti kwenye kompyuta. Shafti ilikuwa ya milimita 30, mteja akataka ya 35. Fundi mwenzangu akaibofya mara mbili ikiwa humohumo ndani ya mashine, akaandika 35. Kijana anayejifunza kazi akauliza: "Kaka, mbona tundu la sahani ya chuma, lile linalopitisha shafti, nalo limepanuka na hujaligusa?"

Swali zuri sana. Mashine iliyounganishwa kwenye kompyuta, yaani asembli, si mchoro mmoja. Faili lake kimsingi ni orodha: vipande gani vimo, kila kimoja kinakaa kwenye faili lipi, na vinashikanaje, mhimili huu ulingane na ule, uso huu uguse ule. Umbo la shafti liko kwenye faili la shafti. Ukiihariri ndani ya asembli, programu inakufungulia faili hilo palepale huku vipande vingine vikiendelea kuonekana, na ukihifadhi, badiliko linarudi kwenye faili la shafti. Tundu la sahani halikuandikiwa namba. Liliambiwa liwe kubwa kuliko shafti kwa milimita 1, basi likatii.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha programu yake, Sketchpad: unachora umbo mama, unapanga nakala zake, ukirekebisha mama nakala zote zinabadilika.

Hapo ndipo pa kuwa makini. Bolti zetu 8 zilitoka kwenye faili moja. Ukirefusha moja, zote 8 zinarefuka. Ukitaka moja tu iwe ndefu, itengenezee kwanza nakala yenye jina lake, ndipo uiguse. Na ukipeleka kazi kwa mkata vyuma, beba folda nzima. Niliwahi kupeleka faili la asembli peke yake kwenye flashi. Lilipofunguliwa, programu ikaanza kudai vipande ambavyo vilibaki kwenye kompyuta yangu. Siku nzima ilipotea.

Kijana akaona jambo jingine: beringi, ile ringi inayoshika shafti ili izunguke kwa wepesi, haikufuata. Haikupaswa kufuata, kwa sababu beringi tunanunua dukani, hatuichongi. Ile yenye namba ya aina 6206 ina tundu la milimita 30 na haiwezi kunenepeshwa kwa kuandika namba. Inabidi uitoe, uweke 6207, yenye tundu la 35. Lakini kipenyo cha nje nacho kinatoka 62 hadi 72, na unene kutoka 16 hadi 17. Kwa hiyo tulimpa yeye kiti, akaingia kwenye hausingi ya beringi, yaani kipande ambamo beringi inakaa, akiwa ndani ya asembli, akafuta 62, akaandika 72.