Szemerédi na Boriti Tisa

Agosti 2010, wanahisabati walikutana Budapest, Hungaria, katika mkutano wa kombinatoriki, yaani hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu, wa kumheshimu mwenzao Endre Szemerédi alipotimiza miaka 70. Vijana ninaowafundisha hapa Lamu huniuliza aligundua nini hata wenzake wakafunga safari kwa ajili yake, nami huona ni afadhali kuanza na swali lililomtangulia.

Chukua boriti tisa za mikoko, uzisimamishe kwa mstari, kisha kila moja uipake rangi nyekundu au nyeupe upendavyo, ila pasiwe na boriti tatu za rangi moja zilizoachana kwa nafasi sawa. Nane zinawezekana: mbili nyekundu, mbili nyeupe, mbili nyekundu, mbili nyeupe. Ya tisa ndiyo inayokwamisha, kwani ukiipaka nyekundu itaungana na ya kwanza na ya tano, na ukiipaka nyeupe itaungana na ya saba na ya nane. Wala hakuna mpango mwingine utakaokuokoa. Mwaka 1927 van der Waerden alithibitisha kwamba jambo hili haliepukiki hata rangi zikiongezwa, na hata mfuatano wa rangi moja unaotafutwa ukirefushwa kupita boriti tatu, mradi boriti ziwe nyingi vya kutosha.

Erdős na Turán, mwaka 1936, walikisia jambo zito zaidi: kundi lolote linalochukua sehemu ya kudumu ya namba zote, hata moja tu katika kila mia, lazima liwe na mifuatano ya namba zinazoachana sawa, ya urefu wowote. Roth alilithibitisha kwa namba tatu mwaka 1953. Szemerédi kwa nne mwaka 1969, na kwa urefu wowote mwaka 1975, akapewa na Erdős dola 1,000 zilizoahidiwa.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, heshima kubwa zaidi inastahili chombo alichokiunda njiani, ile lema, yaani hoja saidizi ya kuthibitishia hoja kubwa zaidi, inayosema kwamba grafu yoyote kubwa, yaani nukta na mistari inayoziunganisha, hugawanyika katika mafungu ambayo idadi yake haipiti kikomo fulani, na kwamba baina ya karibu kila mafungu mawili mistari imetawanyika kana kwamba kwa bahati nasibu. (Kikomo hicho ni kikubwa cha kutisha, na Gowers alionyesha mwaka 1997 kwamba hakuna namna ya kukipunguza sana.)

Mwaka 2004 Green na Tao walithibitisha kwamba namba tasa nazo zina mifuatano ya urefu wowote. Kwa kuwa namba tasa huzidi kuadimika kadiri unavyohesabu, matokeo ya 1975 hayazigusi moja kwa moja, hivyo iliwabidi wayahamishie katika kundi teule la namba ambamo tasa si chache.