Eti ukitaniwa rangi kazini huna pa kwenda? Si kweli

Kuna meseji imezunguka sana kwa magrupu ya WhatsApp hapa Uganda, inasema mwenzako kazini akikutupia maneno ya rangi au kabila hiyo ni utani tu, sheria haihusiki, na ukiripoti bosi anaweza kukufukuza kihalali kabisa.

Si hivyo jamani. Katiba ya 1995, ibara ya 21, inakataza ubaguzi wa rangi, asili na kabila, na Sheria ya Ajira ya 2006 inakataza ubaguzi kazini na pia inasema kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kukufukuza, labda ionekane umelalamika bila msingi wowote. Zote ziko kwa intaneti, fungua usome mwenyewe.

Watu wanachanganyikiwa kwa sababu neno moja baya halikupi kesi kortini moja kwa moja, hapo meseji inakaribia ukweli, lakini kukosa kesi si kukosa pa kusema! Mtu akikwambia mbele ya wenzako pale kwa chai "taa ikizima tunakutafuta kwa meno", mwambie kwa utulivu hilo neno limeniumiza usilirudie. Akirudia, andika tarehe, maneno yenyewe na nani alisikia, halafu peleka kwa msimamizi kwa maandishi, ubaki na kopi. Wakikupuuza kuna afisa wa kazi wa wilaya.

Hiyo meseji ikikufikia usiifowadi tafadhali, inawanyamazisha watu wanaoumia. Aliyekutumia mtumie namba ya hiyo ibara.