Ukijenga Mwanza, Dirisha Lielekee Wapi?

Wananchi wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa ujenzi wakiulizia "nyumba ya kijani" huanza na bei ya sola. Si swali baya, ila limetangulia zamu yake. Kabla ya sola kuna ramani, na kwenye ramani ya nyumba ya Mwanza cha kwanza kutazamwa ni upande ambao nyumba inaelekea. Hapo ndipo matumizi ya umeme wa LUKU huamuliwa kwa miaka yote ambayo nyumba itasimama, na kuamua vizuri hakugharimu hata shilingi moja.

Shida yetu ni ziwa lenyewe. Kuanzia Nyegezi na Butimba hadi sehemu kubwa ya Capri Point, maji yapo upande wa magharibi. Kila mwenye kiwanja cha mlimani anataka sebule yenye vioo vipana vinavyotazama ziwa. Mandhari anaipata, na jua la jioni anapewa kama nyongeza.

Tufanye hesabu kidogo. Mwanza ipo nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huinamia kaskazini nyuzi 26 kutoka utosini, na Desemba huinamia kusini nyuzi 21. Kuta za kaskazini na kusini, kwa hiyo, ni rahisi kuzikinga. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2, na ukingo wa paa uwe sentimita 30 juu yake. Paa likitokeza sentimita 75 nje ya ukuta, jua la katikati ya mchana mwezi Juni haligusi kioo hata chini kabisa.

Magharibi hesabu hiyo inagoma. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45, wakati Mwanza ipo karibu na nyuzi 33, hivyo jua letu hufika utosini saa saba kasoro kidogo. Ndiyo maana saa kumi na moja jioni bado linachoma: lipo nyuzi 27 hivi juu ya upeo wa macho na linapiga dirisha usoni. Kulikinga dirisha lile lile kwa paa peke yake, paa lingepaswa kutokeza karibu mita tatu. Hilo si paa tena, ni baraza.

Basi jenga baraza. Wazee walizijenga, na sijui ni nani aliyetushawishi kwamba zimepitwa na wakati. Baraza la mita mbili upande wa ziwa, likiongezewa ukuta wa tofali za matundu kwenye ncha yake au luva za wima (vibao vyembamba vilivyoachiana nafasi), humaliza sehemu kubwa ya tatizo bila kukunyima mandhari. Mwarobaini au mwembe uliopandwa kwa nafasi ya kutosha kutoka kwenye msingi hufanya kazi hiyo hiyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba jua huzuiwa nje ya kioo. Likishapita kioo, pazia zito haliliondoi, maana joto limeshaingia chumbani. Kioo cheusi nacho hupunguza mwanga zaidi kuliko kinavyopunguza joto: chenyewe hupata moto na kuurudisha ndani.

Upepo pia unatoka huko huko ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka. Kiyoyozi hicho cha bure kinahitaji pa kuingilia na pa kutokea, yaani kila chumba kiwe na dirisha upande mmoja na tundu jingine ng'ambo ya pili, hata kama ni tundu la juu ya mlango. Hapa nataka msomaji alitazame dirisha lake la alumini la kusukuma. Lina mabawa mawili, na bawa moja likifunguka hukaa nyuma ya lingine. Umelipia dirisha zima, upepo unapita nusu. Weka na wavu wa kuzuia mbu na wale wadudu wadogo wa ziwani, ambao hakuna mkazi wa huku anayeweza kuukwepa, na hata ile nusu inapungua. Dirisha la kufunguka nje lote, au la luva za vioo, linafaa zaidi kwa hali yetu.

Kuna mtindo mmoja ambao lazima niuseme: nyumba za paa la kuficha, ambazo kuta hupandishwa hadi bati lisionekane. Zinapendeza kwenye picha. Lakini nyumba ya namna hiyo mara nyingi haina paa linalotokeza, kuta zake zote nne zimeachwa wazi kwa jua na mvua, na maji ya mvua hulazimika kupita kwenye mifereji iliyofichwa nyuma ya ukuta. Majani yakiziba mfereji wakati wa masika, maji yanatafuta njia kupitia dari. Ukiupenda sana mtindo huo, angalau mwambie mchoraji aweke vivuli vya zege juu ya kila dirisha. Kwa paa la kawaida, bati la rangi nyepesi hurudisha jua zaidi kuliko lile la kijivu kizito linalopendwa siku hizi. Acha pia matundu ya hewa kati ya bati na dari, vinginevyo hewa iliyonaswa humo hugeuka tanuru.

Sasa saruji. Ili ipatikane, chokaa huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Makaa na gesi za kuchomea hutoa hewa ukaa, lakini sehemu kubwa zaidi, zaidi ya nusu, hutoka ndani ya jiwe lenyewe la chokaa linapobadilika. Ndiyo maana saruji peke yake inabeba karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Mfuko wa kilo 50 unakuja na mzigo wa kilo 30 hadi 40 za hewa hiyo, kutegemea aina yake, bado hujahesabu mafuta ya lori lililouleta huku kutoka pwani.

Njia nyepesi ya kupunguza mzigo huo ni kutoipoteza saruji uliyokwisha kununua. Pita mtaa wowote unaojengwa utakuta bloku zimeanikwa juani saa chache baada ya kufyatuliwa. Zinakauka, hazikomai. Saruji inahitaji maji ili ishike, na ikikosa maji siku za mwanzo nguvu yake haitafika pale ilipopaswa kufika hata ungeongeza mifuko. Bloku zikae kivulini au zifunikwe, na zimwagiliwe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Zege la lenta na la slabu vivyo hivyo. Fundi anayekuambia "mvua itasaidia" mwangalie vizuri. Pia si kila kazi inahitaji saruji yenye nguvu ya daraja la 42.5. Ya 32.5 yenye mchanganyiko wa pozolana, ambayo ni majivu ya volkano, inatosha kwa plasta na kujengea tofali, na mzigo wake wa hewa ukaa ni mdogo.

Tofali za kuchoma zina sifa zake, ila uliza zimechomwa kwa nini. Tanuru la kuni linakula miti. La pumba za mpunga, ambazo mkoa wetu unazo nyingi, lina nafuu. Mbadala mwingine ni tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, ambazo hazichomwi na hupangwa karibu bila mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea. Si kila udongo unafaa. Jaza udongo nusu ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa, kisha uiache itulie hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, udongo laini juu. Mfinyanzi ukitawala, tofali zitapasuka zikikauka. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu, na sampuli ipelekwe maabara kabla ya kufyatua maelfu.

Mawe Mwanza hatuyaagizi. Mwamba uliopo kiwanjani ni msingi, ni ukuta wa kuzuia udongo, ni ngazi. Mchoraji mzuri hulizungusha jengo kwenye jiwe kubwa badala ya kulilipua. Kwenye miteremko ya Mabatini hatari kubwa ni udongo uliochimbuliwa na kuachwa wazi. Vuli ikianza mwezi Oktoba, udongo huo na lundo lako la mchanga vinaingia Mto Mirongo, kisha ziwani, vikiwa vimebeba fosforasi inayorutubisha magugu maji. Funika lundo kwa turubai, chimba mtaro wa muda chini ya eneo la ujenzi, na usikate mteremko wote kwa siku moja.

Maji ya mvua yanahitaji maneno machache. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukipoteza moja ya tano, linakupa lita 80,000. Weka gata, weka kitoa maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi la bati, na tanki. Kuhusu majitaka, mwamba haukubali shimo refu la choo, na shimo fupi hufurika kwa jirani wa chini. Kabla ya kuchimba chochote ulizia kama mtandao wa mabomba ya majitaka ya milimani wa MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, umefika mtaani kwako.

Wenye hoteli na maghorofa wanaotaka cheti wanaweza kutazama mfumo wa EDGE wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC. Unataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 katika nishati, asilimia 20 katika maji na asilimia 20 katika mzigo wa kimazingira wa kutengeneza vifaa, ukilinganisha na jengo la kawaida la eneo hilo.

Na wenye viwanja vya ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tatizo ni kwamba ukingo hautulii. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango kilichokuwa kimeonekana mara ya mwisho mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapanda tena yakaingia kwenye majengo ya watu. Ukipimiwa kiwanja Septemba au Oktoba, ziwa likiwa limerudi nyuma, waulize wenyeji maji ya 2024 yalifika wapi, mwonyeshe mpimaji alama hiyo, na mita 60 zako zianzie hapo.