Thames Ilipoganda: Baridi ya 1684 na Meli Zilizongoja Barafu

Kwenye ukuta wa chumba cha kwanza cha makumbusho yetu pana nakala ya mchoro wa London wa mwaka 1684. Wanafunzi wanaotutembelea hawaupiti bila kusimama. Mto Thames umegeuka barabara: mahema yamepangwa safu mbili kutoka ukingo huu hadi ule, farasi wanavuta magari, na mashua moja imefungwa magurudumu, watu wanaisukuma kama mkokoteni. Swali huwa ni lile lile: "Hawa wanatembea juu ya maji?" Najibu ndiyo, na mfalme wao alikuwemo. Tarehe 31 Januari 1684 Mfalme Charles wa Pili na jamaa zake walichapishiwa kadi yenye majina yao kwa mtambo wa kupiga chapa uliosimikwa juu ya barafu. Mtu wa kawaida naye aliweza kupigiwa chapa jina lake kwa peni 6, na John Evelyn, bwana mmoja aliyekuwa akiandika shajara siku zile, aliandika kwamba mchapaji alivuna pauni 5 kwa siku.

Mchoro unapendeza, lakini unatazama upande mmoja tu. Unaonyesha sehemu ya mto iliyo juu ya Daraja la London, upande wa bara, kwenye shamrashamra. Sehemu ya mto iliyo chini ya daraja, kuelekea baharini, ambako meli za biashara zilitia nanga, haimo. Ni hiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu yaliyotokea huko yanatugusa watu wa Bahari ya Hindi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Tuanze na baridi yenyewe. Vipimo vya joto vya Uingereza ya kati vimekusanywa katika orodha moja inayoanzia mwaka 1659, na tangu hapo majira ya baridi ya 1683 hadi 1684 hayajapata mpinzani. Wastani wa Desemba, Januari na Februari ulikuwa nyuzi 1.2 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa anayeishi Lamu au Tanga nambari hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini huo ni wastani wa miezi mitatu, usiku na mchana, katika nchi ambayo Januari yake kwa kawaida ni ya mvua na ukungu. Mto ulikamatwa na barafu kuanzia Desemba hadi mapema Februari, na barafu ya London ilifikia unene wa sentimita 28 hivi. Evelyn alivuka mto kwa miguu kutoka Westminster kwenda Lambeth, akala chakula cha mchana kwa askofu mkuu. Mwanzoni mwa Februari gari lake la farasi lilivuka vilevile.

Daraja lilichangia. Daraja la zamani la London lilikuwa na matao 19, membamba, na nguzo zake zilizungushiwa vizingiti vipana vya mbao na mawe. Maji yalipita kwa shida kama kwenye bwawa, hivyo upande wa juu yakatulia, na maji matamu yaliyotulia huganda upesi. Daraja hilo lilibomolewa mwaka 1831, kisha kingo za mto zikajengwa kuta na mkondo ukawa mwembamba wenye kasi. Ndiyo maana hata baridi kali ya 1963 haikuirudisha sherehe ile katikati ya jiji.

Upande wa chini wa daraja mambo yalikuwa tofauti. Huko, kadiri unavyokaribia bahari, maji huzidi chumvi, na chumvi huchelewesha kuganda: maji ya bahari hungoja mpaka karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Tena hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwa hiyo barafu ya huko haikuwa sakafu laini ya kutembelea. Ilikuwa mapande mapande, mengine mazito kama mawe ya kaburi, yakienda na kurudi na maji. Meli iliyotia nanga humo haikuwa imeshikwa salama. Ilikuwa ikisagwa. Amari ya nanga, iliyosokotwa kwa katani, ilikuwa ikikerezwa usiku kucha na ncha za barafu, na amari ikikatika meli inabaki bila mwenyewe.

Jambo hili huwa nalionyesha kwa mikono. Nachukua kipande cha kamba ya katani chenye unene wa dole gumba, nakilowesha, nakilaza usiku kwenye friza. Asubuhi nampa mwanafunzi aliyezaliwa Kilwa au Pemba, mtoto wa mvuvi, anayejua mafundo kuliko mimi, namwambia afunge fundo moja tu. Kamba inasimama kama fimbo. Akiilazimisha, inatoa mlio wa kuvunjika na nyuzi zinachomoza. Ndipo namwambia afikirie henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, na kamba zote za meli ya milingoti mitatu zikiwa hivyo, kapi zimeshikana zisizunguke, tanga limekuwa ubao. Rubani hodari hawezi kuitoa meli ya namna hiyo hata mto ukiwa wazi.

Evelyn, ambaye nyumba yake ilikuwa Deptford, jirani na gudi za meli, aliandika kwamba bahari zenyewe zilifungwa na barafu kiasi kwamba chombo hakikuweza kutoka wala kuingia. Mikanda ya barafu ilionekana hata kwenye pwani za mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Na jiji lile lilipikia na kuota moto kwa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kutoka Newcastle. Bei ya kuni na makaa ikapanda hadi michango ikabidi ifanywe ili maskini wasife kwa baridi. Moshi wa makaa yaliyokuwapo ulishindwa kupanda katika hewa ile nzito, ukajaa mitaani mpaka mtu hakuona ng'ambo ya barabara.

Mtu atauliza: kwa nini wasishushe mizigo kwingine na kuipeleka kwa magari? Sheria haikuruhusu. Tangu mwaka 1559 bidhaa za ng'ambo zilizoingia London zilipaswa kushushwa mchana, kwenye magati yaliyoteuliwa na serikali, ili ushuru usikwepwe. Meli kubwa ilikaa katikati ya mto, na matishari ndiyo yaliyobeba shehena kati yake na gati. Tishari lisipoelea, meli yaweza kuwa mita mia tatu kutoka kwenye ghala na bado ikawa kama iko Bara Hindi. Watu wa matishari na mashua, maelfu yao, walipoteza kazi kwa mpigo mmoja. Baadhi ya mahema yanayochekesha kwenye mchoro wetu yalikuwa makasia na matanga yao. Walijenga vibanda kwa zana za kazi iliyokufa, wakatoza watu fedha ya kukanyaga barafu. Sijawahi kuona furaha katika sehemu hiyo ya picha.

Baharia hakuwa na nafuu. Kwa desturi ya wakati ule mshahara wake ulitegemea nauli: meli isipofikisha shehena, haidai nauli, na yeye hadai mshahara. Mfanyabiashara naye alinunua kwa mkopo, akaandika hawala ya kulipwa baada ya miezi kadhaa. Hawala haikuganda. Siku yake ilipofika ilidaiwa, hata kama nguo zilizonunuliwa kwayo zilikuwa ndani ya meli iliyoshikwa chini ya Deptford na watu wake wakiendelea kula akiba ya safari.

Hapa ndipo napenda kusimama kidogo, maana hesabu kubwa ya hasara haikuwa ya meli zilizopondwa. Ilikuwa ya siku.

Waingereza waliokwenda Bara Hindi kupitia Rasi ya Tumaini Jema walifuata ratiba ambayo hawakuipanga wao. Ilipangwa na pepo mbili tunazozijua kwa majina, kaskazi na kusi. Neno letu msimu limetokana na Kiarabu mausim, na neno hilo hilo, kupitia Kireno, ndilo Waingereza walilofanya jina la pepo za Bahari ya Hindi. Meli ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni iliyopewa hati yake tarehe 31 Desemba 1600, ilipaswa kuondoka London katikati ya majira ya baridi au mwanzoni mwa masika yao. Safari ya kushuka Atlantiki na kuzunguka Rasi ilichukua miezi. Nahodha alitaka kuingia mlangobahari wa Msumbiji wakati kusi lina nguvu, atie nanga Nzwani katika Komoro, kisha asukumwe na upepo huo huo hadi Surat, bandari ya magharibi mwa Bara Hindi, bahari ikianza kutulia huko, karibu na Septemba. Kurudi kulihitaji kaskazi: apakie nguo za pamba, pilipili manga na shura ya kutengenezea baruti, aondoke karibu na mwaka mpya, na apite Rasi kabla ya dhoruba za Juni na Julai za kusini.

Sasa tazama barafu ilikaa wapi katika kalenda hiyo. Ilikaa Desemba, Januari na wiki ya kwanza ya Februari, yaani palepale meli zilipokuwa zinapakia fedha, madini ya risasi na mabunda ya nguo za sufu ili ziondoke. Nahodha aliyekusudia kutoka Januari alikuwa na akiba ya wiki kadhaa dhidi ya pepo mbaya na maradhi. Barafu ilikula akiba hiyo kabla nanga haijang'olewa. Aliyekusudia kutoka Machi aliukuta mto umejaa meli zilizochelewa, kila moja ikidai matishari na makuli walewale. Na barua zilikuwa ndani ya meli hizo hizo. Mnamo tarehe 27 Desemba 1683, mto ukiwa umeganda, askari wa kampuni kule Bombay waliasi chini ya Richard Keigwin na kuutwaa mji. Wakurugenzi wa London waliokuwa wakitazama barafu hawakuwa na habari, kwa sababu habari ilihitaji miezi kufika na jibu miezi mingine kurudi. Katika biashara ya namna hiyo wiki sita si kitu kidogo.

Waholanzi walikuwa na shida ya aina yao. Meli za kampuni yao, iliyoanzishwa mwaka 1602, zilikuwa kubwa mno kwa maji machache ya Amsterdam, kwa hiyo zilingoja kwenye maficho ya kisiwa cha Texel, na kila kitu kilipelekwa huko kwa vyombo vidogo kupitia Zuiderzee, ghuba iliyoingia ndani ya nchi yao. Kundi moja la meli zao kila mwaka liliitwa kundi la Krismasi, jina linalotosha kueleza hatari yake. Zuiderzee ilikuwa na kina kifupi na chumvi kidogo, ikaganda kwa urahisi. Ikiganda, meli ziko Texel na shehena iko Amsterdam. Maji ya kunywa angalau yalikuwa karibu: visima vya Texel vilitoa maji yenye madini ya chuma, na mabaharia waliyapenda kwa kuwa hayakuharibika upesi kwenye mapipa. Amsterdam yenyewe ilikuwa na taabu zaidi ya maji kuliko meli zake. Watengenezaji wa bia waliweka chombo maalumu cha kuvunja barafu kilichokokotwa na farasi wengi, ili mashua za maji matamu zipate njia kutoka mto Vecht.

Lakini Waholanzi walikuwa na jambo moja ambalo London ilikosa. Biashara yao kubwa zaidi, ya nafaka na mbao za Baltiki, ilizoea kufungwa na barafu kila mwaka. Waliziweka meli bandarini, mabaharia wakaenda kwao, mikataba ikaandikwa kuanzia masika. Arkhangelsk kule Urusi ilikuwa vilevile: bandari ya miezi michache ya kiangazi, na kila mfanyabiashara alijua. Barafu inayotarajiwa huingia kwenye bei mapema. Ile ya 1684 haikuwemo kwenye bei ya mtu yeyote London.

Tarehe 5 Februari ilianza kuyeyuka, ikaganda tena, na siku tatu baadaye mvua ikanyesha, ingawa mto ulikuwa bado umefungwa. Mahema yaling'olewa. Kwa waliokuwa sokoni sherehe ilikwisha, lakini kwa waliokuwa melini ndipo hatari ilipozidi, kwa sababu mapande yaliyokuwa yameshikana sasa yaliachiana na kushuka na mto yakiwa na uzito wote, yakigonga omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, yakikata amari zilizobaki, yakizibamiza meli moja kwa nyingine. Zilizopona zilihitaji kamba mpya na matanga ya kukaguliwa kabla ya kushuka hadi Gravesend, mji ulio karibu na mdomo wa mto, halafu zikasimame tena mbele ya pwani ya Kent kungoja upepo wa kuzitoa.

Huku kwetu wakati huo kaskazi lilikuwa bado linavuma, na madau ya Ghuba yalikuwa yametia nanga kwenye bandari za pwani yakishusha tende na kupakia boriti. Kusi lingeingia kwa siku zake. Nzwani ng'ombe walikuwa tayari, machungwa na ndimu zikiwa mitini, na watu wa kisiwa walioyajua matanga ya Waingereza kutoka mbali walikuwa na hesabu yao ya miezi ambayo meli hufika.